Wana Arusha na Moshi mliopanda SGR kutokea huku kwetu, tupeane uzoefu wa kuunganisha

Wakuu habari zenu. Treni yenyewe haina shida, ni ya umeme, inagonga 160 kwa saa, Dodoma hadi Dar kama masaa manne hivi na daraja la kawaida ni 31,000. Kazi ipo kwenye kuunganisha maana sisi hatuna SGR, lazima uifuate Dodoma.

Mimi naanza. Mzee wangu ana kliniki Muhimbili na mgongo wake hauwezi tena basi la siku nzima mpaka Dar, nikaona tupitie Babati na Kondoa tukamate treni ya jioni. Kondakta anatuambia saa saba tupo Dodoma, mara pancha Kondoa, mara kupakia magunia njiani, tumeingia stendi ya Nanenane saa kumi na moja kasoro, bodaboda haiwezekani na mgonjwa, tunafika stesheni geti limeshafungwa na tiketi ndo imeenda hivyo. Tulilala gesti, kesho yake tukasafiri vizuri sana, mzee anasimama, anatembea kwenye korido, choo kisafi. Kwa muda huokoi kitu jamani, ila kwa mgonjwa bora hii, lala Dodoma tu usibahatishe. Na kitambulisho usisahau.

Mdau wa Himo: Sisi huku SGR ya karibu ni ya Kenya. Unavuka mpaka wa Holili, mihuri yote unagongewa jengo moja upande wa Taveta, halafu matatu (daladala za Kenya) mpaka Voi, lami safi, pale unadaka Madaraka Express ya Mombasa. Ishu ni tiketi, mtandaoni walinitaka M-Pesa ya Kenya, mimi dada yangu aliyeolewa Voi ndo alinikatia. Halafu stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya mji, weka nauli ya kuingilia mjini.

Mdau wa Majengo, Moshi: Pole kwa mzee mkuu. Mi nilishuka Dar na treni yetu ya zamani, hii iliyorudi Moshi Desemba 2019 na Arusha 2020, ni pole pole lakini stesheni zile mbili Dar ziko jirani kabisa, nikavuka na begi langu nikapanda SGR ya Morogoro, 13,000.

Asante mkuu, hiyo treni ya zamani sikuifikiria. Mzee anarudi kliniki mwezi ujao, behewa la kulala lipo na linakatwaje?