Tupeane uzoefu: bibi yako alikuwa fundi wa nini?

Binti wa Pangani: Jana nimepita sokoni nikaona mkeka wa plastiki wa Kichina una maua yaleyale bibi angu aloyasuka kwa ukindu, yale majani ya mkindu, nikaganda pale mpaka muuzaji akaanza kunitajia bei. Bibi alikuwa anachemsha rangi nyuma ya nyumba, ile sufuria marufuku kupikia, na vidole vyake vya zambarau siku zote. Ukimletea rangi kutoka Tanga mjini anainusa kwanza ndo aipokee. Anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, huku anatusomesha juzuu, ukikosea hata hainui macho, anakwambia tu "rudia". Haya na nyie semeni, wenu walikuwa mafundi wa nini?

Kofia Tatu: Dah umenirudisha mbali. Wangu kofia za mkono, zile za vitobo. Babu kafa hajawahi kuvaa ya dukani.

Mjukuu wa Ikombe: Sisi Wakisi wa Ziwa Nyasa ni vyungu. Bibi anakanda udongo mwenyewe, anaunda bila mashine wala nini, anasugua kwa jiwe la ziwani mpaka chungu kinang'aa, halafu wanapakia kwenye mitumbwi kwenda Lyulilo pale Matema, soko la Jumamosi. Zamani wanabadilishana na chakula. Kikipasuka kwenye moto haongei na mtu hadi jioni, na sisi tunajua kabisa leo hakuna kuomba hela. Mpaka leo maharage ya sufuria kwangu ni basi tu.

Kofia Tatu: Maharage ya chungu hayana mpinzani.

Mkamba Damu: Huku kwetu ni kiondo, kikapu cha kusuka. Susu, yaani bibi, alikuwa anasokota katani kwa paja, anaenda shamba akisuka, anatoka kisimani akisuka, hata kanisani. Pasta akamwambia mama weka chini tuombe, akamjibu mimi huomba na roho, vidole viacheni. Karo ya babangu yote ilitoka kwa hivyo viondo, na yeye mwenyewe kalamu hakuwahi kushika.

Mtoto wa Wete: Mie sikutaka kuandika ila huo mkeka umenichokoza. Bibi yangu Pemba alijisukia mkeka wake wa jeneza. Ukindu kauchagua mwenyewe, kauanika mpaka mweupe pe, ukili mwembamba yaani kidole kimoja, kashona kwa shazia, sindano yake ya zamani ya mikeka, akaufukiza udi akauviringisha ndani ya kanga akauweka darini na kila mtu kaambiwa, siku yangu ikifika ni ule pale. Sasa kuna mjomba wangu, kitinda mimba wake, madeni yakambana, akaja dalali anayenunua vitu vya mikono kupeleka mahotelini Unguja, mjomba akapanda darini akautoa akauuza, na ile kanga akaviringishia jamvi la kuanikia karafuu akalirudisha palepale. Hakuna aliyejua. Bibi kafariki usiku wakati wa masika mvua haikatiki, asubuhi shangazi kateremsha mzigo, kaufungua mbele ya wanawake wote, likatoka jamvi, na punje za karafuu zikamwagika sakafuni trrr. Shangazi alipiga kelele ikasikika mpaka barabarani. Mjomba yuko uani na wanaume na kila mtu kaelewa pale pale bila kuuliza. Basi shoga yake bibi, kikongwe wa nyumba ya tatu waliosuka pamoja tangu wari, kainuka kimya, kaenda kwake kwenye mvua, karudi na mkeka wake yeye. Nao wa jeneza. Akasema tu "mtandikieni, mimi bado nna macho".

Binti wa Pangani: Jamani mnaniliza niko kazini.

Mwana Haki: Huyo mjomba si binadamu.

Jicho Moja: Mbona mnamhukumu? Hamjui deni lilikuwa la nini, labda mtoto mgonjwa. Na mtu kujisukia mkeka wa kifo ukiwa hai ni uchuro, kwetu hatufanyi.

Mtoto wa Wete: Deni la pikipiki.

Mwana Haki: 😂😂 haya Jicho Moja endelea kutetea. Na uchuro uko wapi, wangapi wanarudi Makka na sanda imeshachovywa zamzam wanaweka kabatini?

Jicho Moja: Sanda ni sanda, mkeka ni mkeka. Usichanganye.

Kofia Tatu: Tumeacha mada. Mimi nna kofia za babu zimeanza kuliwa na wadudu, nifanyeje?

Mkamba Damu: Anika jua kali siku nzima.

Binti wa Pangani: Wewe! Jua linakula rangi. Kivulini, na majani ya mwarobaini katikati.

Mjukuu wa Ikombe: Vaa tu zikuishie kichwani, zilishonwa zivaliwe.

Mwana Haki: Usimpe Mtoto wa Wete akuhifadhie, ana mjomba.

Mtoto wa Wete: 😂 mjomba sasa hivi ndo mwadhini wa mtaa, msimguse.

Kofia Tatu: Ila yule kikongwe ikawaje, alibaki hana mkeka?

Mtoto wa Wete: Mama na shangazi walikaa wakamsukia. Wakampelekea, akaupokea vizuri akashukuru akawapa na kahawa. Walipotoka akaufumua wote akaanza upya, eti pindo limekwenda upande.

Binti wa Pangani: Huyo na wangu wangeelewana. Sasa mwenye kujua anayeuza ukindu mbichi Tanga anitumie ujumbe, nataka kujaribu hata kawa tu ya kufunikia chakula.

Jicho Moja: Anza na kipepeo cha kupepea. Kawa utalia.