Wakuu naomba ushauri: mawimbi ya transvesi na longitudino

Kijana wa Milimani: Habari za usiku wakuu. Kamba naielewa, ndiyo transvesi: unaitikisa juu na chini, wimbi linakwenda mbele. Lakini sauti wanasema ni longitudino, na kitabuni imechorwa vilima na mabonde kama kamba ile ile. Nishike lipi? Nahitaji jibu kabla ya kesho asubuhi, usingizi umegoma.

Fundi Redio: Mkuu, mchoro ule ni grafu, si sura ya hewa. Hewa inakwenda mbele na nyuma kwenye njia ile ile ya sauti, ndiyo maana ya longitudino. Inapobanana grafu inapanda, inapoachana inashuka. Fikiria foleni ya bombani: wa nyuma akisukuma, msukumo unamfikia wa mbele, na kila mtu bado yuko na ndoo yake pale pale.

Kagera Moja: Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilinikuta Bukoba. Kwanza kishindo, kama lori limegonga ukuta, ndipo nyumba ikayumba. Kumbe mawimbi ya kusukumana (longitudino) ndiyo hutangulia kwenye mwamba, ya kutikisa kando (transvesi) hufuata. Sufuria zetu zote zilikuwa chini.

Mama Wawili: Kesho kuna nini? Mtihani wa kidato cha nne si Novemba?

Kijana wa Milimani: Mimi ndiye ninayefundisha. Twisheni, wanafunzi 14. Nilisema sauti ni kama kamba, binti mmoja akabisha, nikampa kosa mbele ya wenzake. Nimeshapanga kesho niingie sumaku tu. Muda hautoshi, na mwalimu akijirudi hawamsikilizi tena.

Mama Wawili: Hela zetu mnachukua, somo mnaliandaa usiku wa manane! Angekuwa binti yangu ningekuja hapo alfajiri.

Mzee wa Hoja: Chai hii. Mwalimu wa fizikia asiyejua sauti?

Kijana wa Milimani: Sijatunga, mzee wangu. Nilisomea kemia, fizikia niliachiwa mwenzangu alipohama. Daftari la yule binti liko hapa mezani. Amechora spika, mbele yake nukta zimebanana, zikaachana, zikabanana tena. Juu yake kosa langu la wino mwekundu.

Fundi Redio: Binti amepata. Anza na ukurasa huo. Kisha funga kitambaa katikati ya kamba, waone kinapanda na kushuka wakati wimbi linapita.

Mzee wa Hoja: Weka picha ya daftari tuone.

Kijana wa Milimani: Picha siwezi, daftari si langu. Nitamwomba kesho, akija.