Naombeni msaada kutambua hili ua la porini, nasafiri tarehe 14

Binti_Usambara: Wakuu habari. Nipo Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Nyuma ya nyumba niliyopanga, kwenye kivuli cha miti, kuna mmea haufiki hata gotini. Shina jekundu lenye vinyweleo, ua dogo la pinki, petali tano. Ukisugua jani, linanuka kama mpira ulioungua. Mmoja kaniambia ni jeranium ya porini, mwingine kakataa. Anayejua anisaidie haraka, sipati usingizi.

Kiroboto: Hulali kwa ajili ya ua? Sisi huku hatulali kwa mbu.

Babu_Baraza: Jeranium za kwenye makopo ni Pelargonium, asili yake Afrika Kusini, hiyo siyo. Marehemu mke wangu alikuwa nazo kumi na mbili barazani, zote kwenye makopo ya rangi. Mbuzi wa jirani alizimaliza siku moja, tukakosana na jirani miaka mitatu.

BwanaShamba: Tuanze na majani. Kama ni ya mviringo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta na yamepasuka nusu tu, ni Geranium lucidum. Yakiwa na manyoya laini, na petali zimechanjwa ncha, ni Geranium molle. Yakichanika hadi kwenye kikonyo kama kangaga, petali hazina mchanjo na chavua ni ya rangi ya chungwa, ni Geranium robertianum. Zote hapo Washington ni wageni. Hii ya mwisho jimbo la Washington limeiweka kwenye magugu hatari, daraja B. Angalia usije ukang'oa Dicentra formosa, mwenyeji wa hapo: majani yanafanana, ila ua lake linaning'inia kama moyo.

Binti_Usambara: Ni hiyo ya kangaga. Asante sana.

BwanaShamba: Basi ng'oa kwa mkono, mizizi yake haiendi chini. Ila tarehe 14 inaingiaje hapo?

Binti_Usambara: Haya, niseme tu. Mama yuko Lushoto, ana sukari. Jirani yangu Mreno anasema bibi yake alikuwa akichemsha majani hayo. Nimeshakausha mbegu, ziko kwenye bahasha ndani ya soksi. Mama keshatengeneza tuta nyuma ya jiko. Msinihukumu, vidonge vyake anameza kama kawaida. Halafu ni tuta moja tu.

BwanaShamba: Tuta moja! Tunda lake lina mdomo mrefu kama wa korongo. Likikauka linafyatua mbegu mita nne na zaidi. Kivuli, ubaridi na unyevu wa Usambara ndivyo linavyovipenda. Na mbegu haziingii Tanzania bila kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Mama_Neema: Mwanangu, mpigie mama kila siku, hiyo ndiyo dawa. Majani ya porini yatakutenga na Mungu.

Arusha_Damu: Sisi tulianza hivyohivyo na gugu karoti, kamaua keupe kazuri. Mimi nililing'oa bila glavu, mikono iliwasha wiki nzima.

Mpelelezi: Chai hii, tena ya majani yanayonuka. Machi ulikuwa humu unauliza bei ya bajaji mtumba Mbagala. Leo Tacoma?

Binti_Usambara: Bajaji ni ya kaka yangu. Yeye hana akaunti, nilimuulizia mimi.

Kiroboto: Bajaji yenyewe inauzwa bado?

Mpelelezi: Weka picha ya bahasha.

Binti_Usambara: Simu yangu haishiki vitu vidogo. Nimezimwaga kwenye sahani nyeupe. Kila mbegu ina vinyuzi kama vya buibui, vinanasa kwenye kila kitu. Nilihesabu arobaini siku ninafunga bahasha. Sasa hivi naona thelathini na moja, na soksi ilikuwa katikati ya vitenge vya mama.