Shangazi Anataka Kitabu cha Kucheka

SHANGAZI: Hamjambo wanangu. Lile libuku la vita mlilonipa nimelimaliza. Zuri, sikatai, lakini nimekuwa nikilala nimenuna na watu ambao hata hawapo duniani. Sasa nataka cha kunichekesha. Wanawake wa siku hizi, kazi zao, mapenzi yao, mama zao wanaowasumbua. Masharti mawili: asife mtu, na asitokee tajiri ukurasa wa mwisho kuja kumwokoa binti wa watu.

REHEMA: Shikamoo Shangazi. Hapo umefika kwa mwenyewe 😂

SHANGAZI: Marahaba. Msinimwagie majina tu. Kila anayetaja kitabu aseme kina nini.

WIFI NEEMA: Shikamoo Shangazi. Soma Me Before You! Nilicheka mpaka

REHEMA: WIFI FUTA. Futa hajaona.

SHANGAZI: Nimeshaona. Kuna nini?

REHEMA: Sharti la kwanza, Shangazi. Siendelei.

WIFI NEEMA: Jamani mwanzo wake unachekesha kweli!

REHEMA: Mwanzo, ndiyo. Ndiyo maana siku hizi sinunui kwa jalada. Yote rangi za peremende na maandishi ya kuchorachora, ukifungua huyu anakupa vichekesho, yule anakupa matanga. Mimi nasoma sura ya kwanza ya bure mtandaoni. Msimuliaji asiponichekesha mle, hatanichekesha tena.

REHEMA: Haya, naanza na mkubwa wao. Bridget Jones's Diary, Helen Fielding, 1996. Kilianzia gazetini Uingereza, safu kwenye The Independent, 1995. Ni shajara ya mwanamke wa London wa miaka thelathini na kitu. Kila siku anaanza kwa kujihesabia: uzito, pombe, sigara, kalori. Halafu anakusimulia maazimio yalivyomshinda. Kuna siku anaalika watu chakula, anafunga mboga za supu kwa uzi, uzi ule ni wa buluu. Supu inatoka buluu. Wageni wako mezani.

SHANGAZI: 😂😂 Na akaipakua?

REHEMA: Soma.

MAMA MDOGO: Hicho nilikiacha njiani. Mwanamke mwili wake wa kawaida kabisa anajiona pipa, kila asubuhi mizani. Nikasema sitaki kusoma mizani ya mtu.

REHEMA: Mama Mdogo, hapo nakupa haki yako. Mwandishi anaicheka hiyo tabia, lakini zile namba zinachosha kweli. Kisomwe kama kitabu cha miaka ya 90.

MAMA MDOGO: Na kingine nikuambie. Hivi vitabu vyote ni kitabu kimoja. Binti, bosi mkorofi, kijana anayemchukia, mvua inanyesha, busu. Mwisho.

BARAKA: Hata vya upelelezi vyote ni kimoja Mama Mdogo. Maiti, inspekta ameachwa na mke, muuaji ni yule aliyeleta chai.

MAMA MDOGO: Wewe nani alikuongeza humu?

BARAKA: Shangazi 😎 Na mimi nina changu. The No. 1 Ladies' Detective Agency, 1998. Mma Ramotswe wa Gaborone, Botswana, anauza ng'ombe alioachiwa na baba yake anafungua ofisi ya upelelezi. Mambo yanaenda polepole, hakuna risasi. Kimeandikwa na mwanamume, Alexander McCall Smith, msinipige.

ZUHURA: Hatukupigi. Ila Shangazi ametaka mapenzi na mama wasumbufu, wewe unampa faili za kesi.

REHEMA: Mama Mdogo, kuhusu kitabu kimoja. Njia inafanana, sawa, sote tunajua watafika. Raha iko kwenye namna mtu anavyosimulia. Chukua ile ya Sophie Kinsella ya mnunuzi asiyejizuia, ya 2000, Marekani waliiita Confessions of a Shopaholic. Becky ni mwandishi wa habari za fedha. Kazi yake kuwafundisha watu kuweka akiba, na yeye ana madeni mpaka shingoni.

REHEMA: Sasa katikati ya sura zinaingia barua za benki. Kuna inayodai, ya kawaida tu. Inayofuata inampa pole kwa kuvunjika mguu. Nyingine pole kwa maradhi mengine kabisa. Visingizio vyenyewe huvioni vikiandikwa, unasoma majibu ya meneja tu, na unajua mguu ni mzima na uko dukani. Hapo nilicheka peke yangu ndani ya gari la abiria, jirani yangu akahama kiti.

SHANGAZI: Huyo namjua. Yumo humu kwenye kikundi, simtaji.

WIFI NEEMA: Shangazi jamani 🙈

WIFI NEEMA: Haya najirekebisha. The Flatshare, Beth O'Leary, 2019. Tiffy hana pa kuishi wala hela. Leon ni muuguzi wa zamu za usiku, anahitaji hela za wakili wa kaka yake aliyefungwa. Basi anampangisha nusu ya kitanda.

SHANGAZI: Nusu ya NINI?

WIFI NEEMA: Kitanda 😂 Usiku analala Tiffy, mchana Leon. Hawaonani! Wanaachiana vikaratasi. Mwanzo ni mambo ya chakula kilichobaki na takataka, baadaye vinaanza kuwa virefu, kimoja kinajibu kingine. Wameshajuana tabia zote, nyuso bado. Sura anazosimulia Tiffy zinamwagika maneno, za Leon ni kavu kama telegramu, hata "mimi" anaona uvivu kuiandika.

SHANGAZI: Mwanamke na mwanamume kitanda kimoja, hawajaonana. Mama yake yuko wapi?

REHEMA: Kizuri sana hicho. Ila aambiwe ukweli wifi: yule mchumba wa zamani wa Tiffy si mchezo. Mwanamume wa kukugeuza akili mpaka ujione wewe ndiye mwenye makosa. Hafi mtu, lakini kuna sehemu utashika kifua.

WIFI NEEMA: Kweli, hilo nimelipita haraka.

REHEMA: Mimi nadhani ndiyo sababu kinachekesha. Vile visivyo na uzito popote navisahau kabla sijavirudisha. Marian Keyes wa Ireland ndiye bingwa wa hilo. Watermelon, 1995: mwanamke amejifungua, siku ile ile mume anamwambia nimepata mwingine. Na kitabu ni cha kucheka, walahi.

SHANGAZI: Mume huyo hafi? Basi sharti la kwanza nalilegeza.

BARAKA: 😂😂😂

ZUHURA: Na Beach Read ya Emily Henry, 2020? Waandishi wawili majirani, huyu wa mapenzi, yule wa riwaya nzito, wanabadilishana: kila mmoja aandike za mwenzake. Mama Mdogo kingekufaa, maana ubishi wenu wote huu umo mle. Ila baba wa yule dada mwandishi wa mapenzi ameshafariki kabla ya ukurasa wa kwanza. Hiyo inahesabika?

SHANGAZI: Aliyekufa kabla sijafika hanihusu.

ZUHURA: Sawa. Lakini changu hasa ni Yinka, Where Is Your Huzband? Lizzie Damilola Blackburn, 2022. Binti wa Kinaijeria, kazaliwa London, kasoma Oxford, ana miaka 31, hana mume. Mama yake anamwombea mume hadharani mbele ya wageni, na mashangazi wanaitikia amina. Basi anajipangia mpango kama wa ofisini, malengo na tarehe, apate wa kwenda naye harusi ya binamu yake.

SHANGAZI: Mashangazi wamekosea nini hapo?

ZUHURA: Nilijua tu 😭

MAMA MDOGO: Mmetaja mabinti watupu. Shangazi yenu ana wajukuu. Where'd You Go, Bernadette, Maria Semple, 2012. Mama mtu mzima, mbunifu wa majengo aliyeacha kazi, hapatani na akina mama wa shule ya mtoto wake huko Seattle. Safari ya Antaktika imekaribia, anatoweka. Bintiye anamtafuta kwa kupekua barua pepe, ankara na barua za watu. Ugomvi wake na jirani juu ya miiba ya uani unaishia matope kuporomokea nyumba ya mwenzie. Na anapotea, hafi.

REHEMA: Mama Mdogo???

WIFI NEEMA: Kumbe unavisoma!

MAMA MDOGO: Nilisema ni kitabu kimoja. Sikusema sikisomi.

SHANGAZI: Nimewasikia. Bernadette nitaanza naye, Rehema ataniletea yule wa madeni Jumapili. Neema, cha nusu kitanda niwekee, nikisome mwenyewe nijue mnasoma nini. Sasa niacheni kidogo, nimefungua sura ya bure ya huyo Yinka.

SHANGAZI: Mashangazi hawa wana akili timamu. Zuhura, hivi wewe unatimiza mingapi mwaka huu?

ZUHURA: Shangazi, umefika ukurasa wa ngapi?

SHANGAZI: Nimeuliza swali.

BARAKA: Amina 🙏

ZUHURA: Baraka nitakutoa humu.