Tupeane uzoefu: matango ya uani yanachanua kweli kweli, matunda hakuna

Wakuu, salaam. Niko Mtwara, pande za Naliendele. Matango yangu yametambaa kwenye fito, maua ya njano yamejaa, lakini kila siku nakuta yamepukutika chini. Jirani anasema ugonjwa huo, piga dawa. Kabla hela haijanitoka, wenye matango nyumbani leteni yenu.

*Mdau wa Mikindani:* Usipige kitu, mkuu. Hayo ni madume. Tango hutanguliza madume, majike yanafuata kama wiki moja au mbili baadaye. Dume lina kikonyo chembamba kitupu. Jike lina kitango chenye vinyweleo nyuma yake, unakiona hata kabla ua halijafunguka. Dume likishamaliza kazi linaanguka, ndivyo lilivyo.

*Mdau wa Newala:* Kwangu majike yalikuwepo, ila vitango vikifika ukubwa wa kidole vinageuka njano, ncha inasinyaa. Ilikuwa msimu wa salfa, mikorosho inapulizwa kila upande, na nyuki uani siwaoni. Nikaamua kuchavusha mwenyewe. Asubuhi, umande ukishakauka, nachuma dume lililofunguka siku hiyo hiyo, nazitoa petali zote, kinabaki kile kijiti chenye unga wa njano. Nakisugua taratibu katikati ya ua jike, pale panaponata. Dume moja linahudumia majike mawili matatu. Ukisubiri mchana umechelewa, maana ua la tango ni la siku moja tu. Wajukuu wananicheka eti bibi anaozesha matango! Wacheke, kachumbari wanakula.

*Mwenye mada:* Hahaha, shikamoo bibi. Na yale yanayopinda kama ndoana?

*Mdau wa Lindi, Ng'apa:* Mara nyingi chavua, ule unga wa njano, haikutosha. Upande wenye mbegu unanenepa, mwingine unadumaa, tunda linapinda. Kiu nayo inapindisha, kwa hiyo angalia umwagiliaji wako. Halafu pasua kimoja kabla hujalaumu nyuki: ukikuta funza ndani, huyo ni inzi wa matunda, hata uchavushe vipi litaoza. Na aliyezidisha urea atavuna majani.

*Mdau wa Masasi:* Someni na pakiti ya mbegu jamani. Kuna chotara zinazozaa bila kuchavushwa, karibu maua yote majike, na matunda hayana mbegu. Zinafaa asiye na nyuki. Tatizo bei, na huwezi kutunza mbegu za msimu ujao. Mimi nimebaki na za kawaida.

*Mwenye mada:* Nimetoka kuangalia sasa hivi, kuna vijike bado vimefumba! Sasa huyu jirani, kesho anapuliza mchicha wake pale ukutani. Nimwambieje?

*Mdau wa Mikindani:* Muombe apulize jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na aangalie upepo unaelekea wapi. Asubuhi asiguse hiyo bomba.