Naomba ushauri: mzee ajenge mwenyewe au aendelee kusubiri serikali?

Wakuu habarini, wakubwa shikamooni. Mzee wangu yuko Katesh, yale matope ya mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalimpitia, nyumba haikuondoka ila ukuta wa nyuma ulilala na vyumba viwili vikajaa tope mpaka usawa wa madirisha. Kuna waliojengewa nyumba kule Waret, yeye jina halikutoka, aliambiwa yake bado inakalika (waje waikalie wao basi).

Sasa mzee kagoma kugusa hata tofali, anasema akirekebisha tu watasema huyu kashajiweza. Bro anamwambia mzee jenga bana, Kagera baada ya tetemeko la 2016 Magufuli alienda akawaambia kweupe serikali haitamjengea mtu nyumba, kila mtu ajenge yake. Mzee anajibu mbona huku wamejengewa? Na kusema kweli hapo hata mimi nakosa la kumwambia, maana nchi ni hiyo hiyo.

Watoto tumechanga tuna kama milioni tatu hivi, ukuta unasimama na upande mmoja tunapaua. Je tukipiga picha kwanza na kuchukua barua ya mtendaji tukajenga, ndo tumemfutia haki yake? Halafu pale ni karibu na mkondo yalipopita matope, turudishie hapo hapo au hiyo hela tutafutie kiwanja kwingine hata kama kujenga kutachelewa? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali, ikiwezekana kabla mvua hazijaanza.