Akaunti za usharika: namba kwa SMS, programu ya simu au ufunguo wa USB?

Mhazini_Kisasa
Bwana asifiwe wadau. Usharika wetu hapa Dodoma una Gmail, ukurasa wa Facebook na chaneli ya YouTube ya kwaya. Juzi mtu kaingia Facebook yetu, kabandika tangazo la harambee ya mabati na namba yake chini. Wazee wawili walishatuma kabla hatujashtuka. Nywila ilikuwa moja kote, na nusu ya kwaya inaijua. Tumeibadilisha, sasa baraza limeniagiza niweke uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila inatakiwa namba ya muda au ufunguo ndipo mtu aingie. Nichukue upi?

FundiNzuguni
Amina, poleni sana. Kumbe "tuma kwa namba hii" imeshahamia makanisani. SMS ni afadhali kuliko kukaa wazi, ila tapeli akifanikiwa kurudisha laini yako kwenye simu yake, namba zote zinamfuata yeye. Programu kama Google Authenticator hutengeneza namba ya tarakimu 6 ndani ya simu, inabadilika kila sekunde 30. Haili bando, haitaki hata mtandao.

Binti_Mvumi
Sisi tulihamia programu kwa sababu hiyo ya mtandao. SMS huku inaingia namba ikiwa imeshakwisha muda. Ila kagueni saa ya simu! Ya katibu wetu ilikuwa nyuma dakika kadhaa, kila namba inakataliwa, tukaanza kumkemea shetani. Iwekeni ijirekebishe yenyewe.

mzee_wa_area_c
Mnabishana aina ya kufuli, hamuulizi nani anakaa na ufunguo. SMS zetu zilikuwa zinakwenda kwa kijana wa vyombo. Akaenda chuo Mbeya, laini akaitelekeza, ikafungwa, ikauzwa upya. Sasa iko kwa mama mmoja muuza mkaa. Tulimpigia atusomee namba, akatuita matapeli akakata. Simlaumu.

FundiNzuguni
Shikamoo mzee, hapo umegusa penyewe. Mhazini, ule mraba wa QR wa kuunganisha programu na akaunti ukitokea, uskani kwa simu mbili, yako na ya katibu, kabla hujafunga ukurasa. Zote zitatoa namba zilezile. Google pia inakupa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja, zichapishe. Facebook na YouTube usimpe mtu nywila tena, mwongeze kwa akaunti yake mwenyewe umpe ruhusa anazohitaji. Akihama kwaya unamtoa, basi.

Kondoa_Irangi
Na ule ufunguo wa USB, kile kifaa kidogo cha kuchomeka ukiingia kwenye akaunti, mbona mmeuruka?

FundiNzuguni
Ndio imara kuliko yote. Ukiangukia ukurasa bandia wa Gmail, namba ya programu utaiandika kwa mkono wako na tapeli ataitumia palepale. Ufunguo unakagua anwani ya tovuti; siyo yenyewe, hautoi kitu. Tatizo ni bei, na inabidi ununue mbili, maana mmoja ukipotea na huna akiba umejifungia nje.

Mhazini_Kisasa
Nikipeleka bei ya funguo mbili barazani wataniuliza mabati yako wapi. Tumeanza na programu, leo baada ya ibada ya pili tumeskani simu zote mbili. Namba za akiba ziko kwenye bahasha, ndani ya kasiki la sadaka. Katibu alishazipiga picha azitume grupu la WhatsApp la baraza "zisipotee". Nimemnyang'anya simu kwanza, maelezo atayapata kesho.